Pua Haitoshi: Mjadala wa Vipima Gesi Tlawi

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Mbulu haina mzaha. Tlawi, huku Mbulu, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku hupenya hadi mifupani. Miezi hiyohiyo ndiyo mahindi hutoka shambani kuingia ndani. Kwa hiyo nyumba moja hubeba hatari mbili kwa pamoja: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili watoto wapate joto, na vidonge vya kufukiza nafaka vinavyotiwa kwenye magunia ili dumuzi asimalize chakula. Jiko hutoa kaboni monoksidi, vidonge hutoa fosfini. Gesi zote mbili hazionekani, na zote mbili huua.

Wahandisi duniani wanashindana kutengeneza vipima gesi vya kubeba mkononi vinavyotumia umeme kidogo sana. Je, kaya za Mbulu na Hanang zinavihitaji, au nguvu yote ielekezwe kuiondoa sumu nyumbani? Nimeligawa swali hili kwa sauti sita ambazo kila anayeishi kijijini atazitambua. Wasemaji ni wa kutungwa, lakini mambo wanayoyataja ni ya kweli. Mwishoni nitasema ninaposimama.

MWALIMU WA SAYANSI: Mimi naunga mkono vipima gesi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, damu ikawa inazunguka bila kubeba kile ambacho mwili unakihitaji. Aliyelala haamki akakohoa, bali usingizi wake unazidi kuwa mzito. Sasa tuje kwenye fosfini. Kidonge kimoja cha alumini fosfidi chenye uzito wa gramu 3 kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gramu 1 ya fosfini. Chukueni chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2 na nusu. Gramu hiyo ikitawanyika humo, hewa itakuwa na zaidi ya sehemu 20 za fosfini katika kila sehemu milioni. Kiwango cha juu wanachokikubali wataalamu wa usalama kazini wa Marekani kwa siku ya kazi ya saa 8 ni sehemu 0.3. Ikifika sehemu 50, wanasema maisha yako hatarini papo hapo. Niambieni basi, nani hapa huweka kidonge kimoja tu?

MAMA MKULIMA: Hakuna, Mwalimu. Mwenye magunia 10 hatii kimoja. Usitulaumu kabla hujamjua dumuzi. Akiingia kwenye gunia, baada ya miezi michache unafungua unakuta unga na ganda, hata kuku hawautaki. Hayo mahindi ndiyo ugali, ndiyo ada, ndiyo matibabu. Lakini kuna jambo linanitia hofu. Dukani waliniambia ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu, toka nje. Mbulu hii, kitunguu saumu ndilo zao letu la biashara! Stoo ninayowekea mahindi ndiyo ninayowekea vitunguu saumu. Nitatofautisha vipi?

MWALIMU: Hutaweza, Mama. Hata nyumba isiyo na kitunguu saumu, pua si ya kuaminiwa. Harufu ile kwa sehemu kubwa inatokana na uchafu uliochanganyika na fosfini inapotengenezwa. Ikiwa safi, karibu hainuki. Wapo watu wasioisikia mpaka imeshapita kiwango cha hatari. Gesi ya mitungi ya kupikia ni afadhali, kwa sababu hiyo imetiwa harufu kali makusudi ili ikivuja tujue. Kaboni monoksidi hakuna aliyeitilia harufu kwa ajili yetu, na harufu ya fosfini haitegemeki.

BWANA SHAMBA: Niruhusuni nipinge. Ukinunua kipima gesi cha kuweka kando ya kitanda, umeshakubali kwamba sumu italala ndani. Vidonge hivi havikutengenezwa kwa ajili ya chumba wanacholala watu. Ni vya maghala yanayozibika, na kazi ya kufukiza ni ya waliofunzwa. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kazi yake ni kusimamia mambo haya. Badala ya kununua kengele ya sumu, ondoeni sumu. Mifuko ya PICS mnaijua. Ina tabaka mbili za nailoni ndani na gunia la nje. Ukifunga vizuri, wadudu wanatumia oksijeni iliyobaki humo, ikiisha hawali tena wala hawazaani, mwisho wanakufa. Ilianza Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde, kwa kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake. Haina sumu, haina gesi ya kupima.

MAMA MKULIMA: Bwana Shamba, mifuko hiyo naijua na ninayo michache. Ni mizuri. Lakini mfuko mmoja ni ghali kuliko vidonge vya kutosha magunia kadhaa, na panya akiutoboa hewa inaingia na kazi imeharibika. Mahindi yasipokauka sawasawa, ndani yanaota ukungu. Tena, tuseme nimeweza kununua yote ninayohitaji. Jiko la mkaa je? Hakuna mfuko unaozuia gesi ya jiko.

BWANA SHAMBA: Kwa jiko, serikali imeshaweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake.

MAMA MKULIMA: Ni lengo jema, nami naliombea. Lakini kati ya leo na 2034 kuna baridi nyingi za Julai. Na jiko la joto si jiko la kupikia. Hata mwenye mtungi wa gesi anaingiza mkaa usiku.

MUUGUZI WA ZAHANATI: Nami niseme ninachokijua. Sumu ya kaboni monoksidi inakuja na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Sasa niambieni ni ugonjwa gani usiokuja hivyo? Mgonjwa anapimwa malaria, anaambiwa pengine ni chakula, anarudi kulala kwenye chumba kilekile. Kibaya zaidi ni kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Vile vya kawaida haviwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kusoma asilimia nzuri kabisa na mgonjwa yuko taabani. Wa kaboni monoksidi tunaweza kumsaidia kwa oksijeni tukiwahi. Wa fosfini hana dawa ya kuikata sumu, tunategemeza mwili wake na kumkimbiza hospitali kubwa, Haydom au kwingine. Kwa hiyo mimi sihitaji kengele tu chumbani kwa mtu. Nahitaji kipima gesi kwenye mkoba wangu, niende nacho nyumbani kwa mgonjwa nijue nini kinamuumiza.

MZEE: Nimewasikiliza wote, wanangu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba iliyoegemea mlima, paa la udongo, ng'ombe na watu chini ya paa moja. Moshi wa kuni ulikuwa unachoma macho, ukikuamsha. Kihenge kilikuwa ndani, moshi ukikipitia, na mbegu tulizichanganya na majivu. Leo mnaezeka bati, mnaziba madirisha, mnatumia mkaa usiotoa moshi, mnasema nyumba ni safi. Hatari imeongezeka pale ambapo dalili imeondolewa. Kwa hilo nakubaliana na Mwalimu. Ila wasiwasi wangu ni huu: nimeona miradi mingi ikija na vifaa. Wanapiga picha, wanaondoka, baada ya mwaka kifaa kiko darini. Kule Goma, Kongo, nasikia wenyeji wana mabonde madogo yenye hewa mbaya, wanayaita mazuku. Wanajua ni wapi, wanaonyeshana, wanapita mbali. Hawakusubiri kifaa.

MWALIMU: Mfano wako ni mzuri, Mzee, na una mafunzo. Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini karibu na volkano. Ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mabonde. Bonde halihami, ndiyo maana linaweza kukwepwa, na hata hivyo watu na mifugo bado hufia humo. Gesi ya chumbani haina mahali pake. Leo haipo, kesho usiku ipo. Na vidonge vina ujanja wa ziada kwetu sisi wa nchi ya baridi. Hewa ikiwa baridi na kavu, vinatoa gesi polepole. Mtu anahesabu siku 3 alizosikia kwa jirani wa nchi ya joto, anafungua stoo, kumbe kazi haijaisha.

FUNDI WA SIMU: Shikamoo Babu. Mimi nazungumzia kifaa chenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Viko vya aina nyingi, ila viwili ndivyo vinavyotuhusu. Cha kwanza ni kile cha bei nafuu, kinachouzwa kwa wanafunzi na mafundi. Ndani kina oksidi ya bati, nayo ni lazima ipashwe moto hadi kati ya nyuzi 200 na 400 ndipo ihisi gesi. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliisajili hataza yake mwaka 1962. Shida ni huo moto. Vingi hula karibu miliwati 800 muda wote. Betri ya simu ndogo, ile ya miliampia-saa 1,000, inakiendesha kwa muda wa saa 4 na nusu tu, hata usiku haujaisha. Tena hakichagui. Moshi wa mafuta ya kukaangia, pombe, marashi, vyote kinapigia kelele. Kikilia mara kumi bila sababu, mwenye nyumba atakizima.

MZEE: Na cha pili?

FUNDI: Cha pili kinafanya kazi ya kikemia, Babu. Gesi ikiingia, inakutana na kimiminika na elektrodi, inazalisha umeme mdogo mno. Kadiri gesi ilivyo nyingi ndivyo umeme unavyoongezeka. Hakihitaji moto. Kichipu kinaamka kila dakika, kinasoma, kinalala. Matumizi ya wastani yakiwa miliwati 1, betri ileile inakaa miezi 5. Sola ndogo kama ya taa inatosha na kubaki. Halafu kinachagua vizuri zaidi: cha kaboni monoksidi ni cha kaboni monoksidi, cha fosfini ni cha fosfini. Ni ghali kuliko kile cha kwanza, na kina umri. Kimiminika kinakauka. Vya kaboni monoksidi vilivyo bora hudumu miaka kadhaa, vya gesi nyingine vingi ni miaka 2 au 3.

MZEE: Kikifa, mjukuu wangu, kinaonyesha nini?

FUNDI: Sifuri, Babu.

MZEE: Na hewa ikiwa safi kinaonyesha nini?

FUNDI: Sifuri.

MZEE: Basi hapo ndipo penye neno. Mtanipa kitu kitakachoniambia "lala salama" kwa sababu hewa ni salama, au kwa sababu chenyewe kimekufa, nami sijui ni ipi kati ya hizo mbili. Bila kifaa ningefungua dirisha. Nikiwa nacho nitalifunga.

MWALIMU: Mzee, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na sitaki kuikwepa. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walibeba ndege wadogo migodini kwa ushauri wa John Scott Haldane, wakaendelea hadi 1986. Ndege alizimia kabla ya binadamu. Akifa, kila mtu anaona amekufa. Hiyo sifa kihisi cha umeme hakina, lazima tukipe kwa utaratibu. Na utaratibu huo Tanzania tunao tayari, pale Morogoro.

BWANA SHAMBA: Unasema panya?

MWALIMU: Ndiyo, panya buku wa APOPO, shirika lililoanza kazi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000. Yule ni chombo chepesi kisichotumia umeme. Ana uzito wa kilo moja na kidogo, hivyo hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Ananusa mvuke wa TNT kutoka ardhini, na anamaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kunasa vyuma anaweza kuchukua hadi siku 4, kwa sababu kifaa kinalia kwa kila msumari. Panya hao walisaidia kusafisha Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipata medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini sikilizeni kinachotuhusu. Panya hapelekwi uwanjani kwa kuwa ni panya wa Morogoro. Anafanya mtihani kwanza, kwenye uwanja ambao wakufunzi wanajua mabomu yamefukiwa wapi. Akishindwa, hapewi kazi. Wale wanaonusa kifua kikuu huwekewa sampuli ambazo tayari zinajulikana zina ugonjwa, zikichanganywa na zisizojulikana. Panya akiziruka zile zinazojulikana, mtaalamu anajua leo pua yake si ya kutegemewa. Na sampuli aliyoionyesha yeye hurudiwa maabara kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Pua ile inaaminiwa kwa sababu inajaribiwa kila mara.

FUNDI: Kampala nako wamefanya jambo linalofanana na hilo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza mwaka 2015 mradi wa AirQo. Wanatengeneza wenyewe vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi, joto na umeme wa kukatika, vingine wakavifunga hata kwenye bodaboda. Vile hupima vumbi laini, si gesi hizi zetu, ila njia ni moja. Wanaweka vifaa vyao karibu na mtambo mkubwa wa uhakika, wanalinganisha namba, wanarekebisha. Mimi naweza kuunda kifaa, Babu. Cha kulinganisha nacho ndicho sina.

MAMA MKULIMA: Hili sisi wakulima hatuhitaji kufundishwa. Mnunuzi akija na mizani, tunatazama kwanza kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Tumeumizwa vya kutosha na lumbesa na mizani za kuchezewa. Mizani isiyohakikiwa hatupimi. Kwa nini kipima sumu kiwe na masharti mepesi kuliko mizani ya vitunguu?

MUUGUZI: Tena uhakiki wenyewe hauna haja ya mtambo kila kijiji. Ukiwa na mtungi mdogo wa gesi iliyopimwa, unapuliza kwenye kifaa: namba ikipanda inavyotakiwa, kizima. Isipopanda, kinatolewa. Nikiwa na mtungi huo zahanati, watu walete vipima gesi kila kliniki ya watoto. Dakika chache zinatosha.

BWANA SHAMBA: Nakubali sehemu. Kama ni kifaa cha ushirika, kinachotumika ghala likifukizwa na kabla ya kufunguliwa, hapo mimi sina pingamizi. Hata anayefukiza kisheria anapaswa kujua kwamba gesi imetoka. Ninachokataa ni kuuza vifaa nyumba kwa nyumba na kuwaacha watu wakidhani wamenunua usalama.

MAMA MKULIMA: Wala sisi hatuna fedha ya kununua kila nyumba. Jirani yetu wa Karatu alionyesha njia nyingine. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji linaloundwa kulingana na uchafu wa mahali husika, pamoja na floraidi inayotusumbua ukanda huu. Mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya uhandisi iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutolewa. Hakumwambia kila mtu anunue mashine. Waliweka vituo, watu wakanunua maji. Nasi tunaweza kukodi kipima gesi kwa AMCOS, chama chetu cha ushirika, kwa msimu wa baridi, tukakirudisha muda ukiisha, wao wakakihakiki na kubadilisha kihisi.

MZEE: Hapo sasa nimeelewa. Kifaa kiwe na mwenyewe anayejulikana kwa sura, na siku ya kukipima iwe imeandikwa juu yake kwa namba kubwa. Siku ikipita, nisikiamini.

Nimefika mahali pa kutoa msimamo.

Nasimama na wanaotaka vipima gesi, lakini kwa masharti yaliyotolewa na Mzee na Mama Mkulima. Teknolojia ya kupunguza umeme imeshapiga hatua kubwa. Kihisi cha kikemia kinachoishi miezi 5 kwa betri ndogo si ndoto. Kilichobaki, na ambacho ni kigumu zaidi, ni kumhakikishia mtu wa Tlawi kwamba sifuri anayoiona ni sifuri ya kweli. Mbunifu anayeleta kifaa kijijini bila mpango wa kukihakiki anaongeza hatari, kwa sababu anampa mtu sababu ya kufunga dirisha.

Bwana Shamba naye ana haki. Kipima gesi hakiwezi kuwa kibali cha kulaza vidonge chumbani. Mifuko isiyopitisha hewa na maghala ya ushirika ndiyo njia ya kuelekea, na ruzuku inayotolewa kwa mbolea ingefaa kufikiriwa kwa mifuko hiyo pia. Ila njia hiyo ni ndefu, na watu wanalala kila usiku.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana mambo matatu. Taasisi ya Nelson Mandela, VETA na vyuo vyetu vingine, tengenezeni kipima gesi kimoja kwa gesi moja, kilichojaribiwa kwenye baridi ya Mbulu, si kwenye joto la maabara ya mjini pekee. Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo, wekeni kiwango na stika ya kipima gesi kama ilivyo kwa mizani. Halmashauri za Mbulu na Hanang, anzeni na kifaa kimoja kwa kila zahanati na kimoja kwa kila AMCOS yenye ghala, pamoja na mtungi wa kuvihakiki.

Nawe msomaji ambaye kifaa hicho hakijakufikia, usingoje. Toa jiko la mkaa nje kabla ya kulala, hata kama makaa yameshafunikwa na majivu, maana bado yanatoa gesi. Usihifadhi nafaka iliyotiwa vidonge katika nyumba wanamolala watu. Ukiamka na kichwa kizito na wenzako wa nyumba moja nao wanalalamika hivyohivyo, tokeni nje wote, acheni milango wazi, na mwambieni muuguzi mlichokuwa nacho chumbani.